Anza na sehemu isiyoweza kuwa nyumba

Nikiitwa kukagua jengo la kihistoria linalotakiwa kugeuzwa nyumba za bei nafuu, sianzi na idadi ya nyumba. Natafuta kwanza sehemu isiyoweza kukaliwa. Kwenye shule ya zamani huwa ni ukumbi wa mikutano. Kwenye kiwanda, ni katikati ya sakafu, mbali na madirisha. Wawekezaji huihesabu sehemu hiyo kuwa hasara, na hapo ndipo mabishano yetu huanzia.

Chanzo ni mwanga. Kwa kawaida mwanga wa mchana hufika ndani takriban mara mbili ya kimo cha dirisha, ukipima kutoka sakafuni hadi ukingo wake wa juu. Dirisha linaloishia mita 3 linakupa mita 6 hivi za kuishi. Zaidi ya hapo weka bafu, stoo na korido, si chumba cha kulala. Ndiyo maana napenda sana madarasa ya zamani: dari ziko juu, madirisha ni marefu, na mara nyingi darasa moja linatosha nyumba moja bila kubomoa ukuta. Kiwanda chenye upana wa mita 30 kina shughuli yake.

Ukumbi nao una ulinzi wake. Kifungu cha 5 cha Mkataba wa Venice wa 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kihistoria, kinahimiza majengo ya urithi yatumike kwa manufaa ya jamii, ila matumizi hayo yasibadilishe mpangilio wala mapambo yake. Ukiukatakata kwa kuta za jipsamu, utapata nyumba zenye nusu dirisha na utakuwa umeuharibu. Uache mzima, weka zahanati, maktaba au kituo cha kulelea watoto. Mlango wa huduma utazame barabarani, mbali na ule wa wakazi. Mtu anayetoka kazini amechoka asipenye foleni ya wagonjwa ili afike kwake.

Fedha za ujenzi hupatikana. Marekani, kwa mfano, mradi mmoja unaweza kuunganisha nafuu ya kodi ya asilimia 20 ya gharama za kukarabati jengo la kihistoria na ile ya nyumba za wenye kipato cha chini, iliyoanzishwa 1986. Lakini hakuna kati ya hizo inayolipa mshahara wa muuguzi. Kwa hiyo nasisitiza mwendesha huduma apatikane kabla michoro haijakamilika, aseme mwenyewe anataka masinki mangapi na vyoo vya watoto viwe na kimo gani.

Kisha kuna kuta. Mara nyingi nakuta lipu ya saruji juu ya mawe yaliyojengwa kwa chokaa. Ukiigonga inalia kama debe tupu. Ukiibandua, chokaa ya nyuma imelowa na inamomonyoka vidoleni, kwa sababu saruji imeuzuia unyevu usitoke. Ibandueni yote, ukuta ukauke, ndipo mpige lipu ya chokaa. Ukuta mnene huchukua miezi kukauka, na miezi hiyo iingie kwenye ratiba ya mkandarasi tangu siku ya zabuni.