Je, wajua kwa nini mwalimu mzuri wa yoga hakusukumi mgongo?

Mtu amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha mbele, anainama kuvifuata vidole vya miguu. Mikono inaishia kwenye muundi. Mwalimu anapita nyuma yake, anamwekea viganja viwili mgongoni na kumkandamiza. "Legeza tu, utafika." Na kweli anafika, vidole anavigusa. Kesho yake kila akikaa kitini anasikia kitu kinachoma chini ya tako, na maumivu hayo yanaweza kumganda miezi.

Nami nimewahi kufundisha hivyo, kwa nia njema kabisa, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa. Nilikuja kuacha nilipoelewa kinachotokea ndani ya paja wakati ule wa kusukumwa.

Katikati ya nyuzi za msuli mna vihisio vidogo vinavyopima msuli umevutwa kiasi gani na kwa kasi gani. Ukivutwa ghafla, vinapeleka habari kwenye uti wa mgongo, na jibu linarudi kabla ubongo haujajua lolote: jikaze. Ni jambo lile lile linalotokea daktari akikugonga kwa kinyundo chini ya goti, mguu ukaruka wenyewe. Hofu na maumivu nayo huukaza msuli. Kwa hiyo mwalimu anayesukuma anashindana na msuli unaojilinda, na katika mashindano hayo anayeumia mara nyingi ni kano, pale zinapoushika mfupa wa kukalia. Kano hupata damu kidogo kuliko msuli, ndiyo maana zikiumia huchelewa kupona.

Sasa, mbona watu hulainika kwa mazoezi? Wengi tunadhani msuli unarefuka. Katika wiki za mwanzo, kinachobadilika zaidi ni mfumo wa fahamu: unazoea mvuto ule na kuacha kuuona kuwa hatari, kwa hiyo unakuruhusu uende mbali kidogo kuliko jana. Ruhusa hiyo hutoka kwa mwili wenyewe, taratibu, na mkono wa mtu mwingine mgongoni hauwezi kuiharakisha.

Halafu kuna mifupa, na hapa ndipo ninapotamani kila mwalimu mpya angetulia kidogo. Mfupa wa paja unaingia kwenye nyonga kama kichwa cha mpira ndani ya kikombe. Kuna watu kikombe chao kina kina kirefu, wengine kifupi. Cha huyu kimeelekea mbele, cha yule kimeelekea pembeni. Hata shingo ya mfupa wa paja imepinda tofauti kwa kila mtu. Msuli unaweza kulainishwa, lakini mfupa ukishagota kwenye mfupa, safari imeishia hapo. Chukua mkao wa kukunja miguu ambao kila wayo unakaa juu ya paja la upande wa pili. Nyonga ikikataa kuzunguka na mtu akaung'ang'ania mguu kwa mikono, mzunguko ule unahamia kwenye goti. Goti limeumbwa kukunjika na kunyooka, huzunguka kidogo sana, na gegedu zilizo ndani yake zinaweza kuchanika. Mwanafunzi huyo si mvivu wala hajakosa nidhamu. Nyonga zake ndivyo zilivyo.

Hili halikuanzia kwetu wa leo. B.K.S. Iyengar, mwalimu mashuhuri wa yoga aliyezaliwa India mwaka 1918, alikuwa mtoto wa kuugua: malaria, homa ya matumbo, kifua kikuu. Baadaye, akifundisha mjini Pune, alizoesha watu kutumia matofali ya mbao, mikanda, viti, kamba na mablanketi ili mkao umfikie mwanafunzi pale alipo. Na karne nyingi kabla yake, mafundisho ya yoga ya Patanjali, mwandishi wa kale wa India, yalisema kwa maneno matatu tu ya Kisanskriti: sthira sukham asanam, yaani mkao uwe thabiti na uwe na raha. Anayetetemeka huku amebana meno hajakaa mkao huo, hata kama vidole vimeguswa.

Turudi kwa mtu wetu wa mwanzo. Kunja blanketi mara tatu au nne, mkalishe ukingoni mwake. Nyonga zikiinuka, kiuno kinaacha kuporomokea nyuma na mgongo unajinyoosha wenyewe. Kisha akunje magoti kidogo, na asiyefikia nyayo azungushie mkanda, ashike ncha mbili. Asiyeweza kushuka sakafuni akae kwenye kiti imara, nyayo chini, ainame kutokea hapo. Anayeumwa viganja akiwa ameweka mikono chini aiegemeze ukutani. Mikao hii ni yoga kamili.

Wapo ambao hata kuinama kwenyewe kuna hatari, na mwalimu hawezi kuwajua kwa kuwatazama. Ndiyo maana maswali huulizwa kabla ya somo, kwa faragha. Mwenye presha ya macho hafai kukaa kichwa chini: kusimama kwa kichwa kunaweza kupandisha presha ya jicho karibu mara mbili, na hata mkao wa mbwa anayetazama chini, yaani viganja na nyayo sakafuni huku nyonga zimeinuliwa juu, huipandisha. Mjamzito tumbo likishakua asilazwe chali muda mrefu, kwa kuwa uzito wa mtoto unaweza kubana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Mwenye mifupa dhaifu asiukunje mgongo mbele kwa nguvu. Mwaka 1984 watafiti wa hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani walieleza walichokiona kwa wanawake 59 waliokoma hedhi wenye tatizo hilo: waliopewa mazoezi ya kuinama mbele, 89% walipata kuvunjika au kubonyea zaidi kwa pingili za uti wa mgongo, ilhali wale wa kunyoosha mgongo kuelekea nyuma walikuwa 16%. Makundi yalikuwa madogo, ila tofauti hiyo inatosha kumfanya mwalimu aulize kwanza.

Ulimi wa mwalimu nao unaweza kusukuma. "Shuka zaidi" ikisemwa mbele ya watu ishirini ina nguvu kama viganja viwili. Mimi husema "ukiona inafaa" au "unaweza kubaki hapa", kisha nanyamaza kweli, nisije nikarudia kuhimiza. Kumgusa mtu ni baada ya kumuomba ruhusa, kila mara, hata kama wiki jana alikubali. Na macho si lazima yafumbwe. Kwa aliyewahi kutendewa ukatili, kufumba macho chumbani mwa watu asiowajua huweza kuamsha woga, basi atazame doa moja sakafuni.

Pumzi ndiyo kipimo changu. Moyo huenda kasi kidogo tunapovuta hewa na kupunguza mwendo tunapoitoa, kwa hiyo kutoa pumzi ndefu, bila kuilazimisha, huutuliza. Mwanafunzi akianza kuibana pumzi, mwili wake umeshasema hapana kabla ya mdomo.

Hapo ninachuchumaa kando yake na kuuliza: "Unasikia wapi?" Akigusa katikati ya paja kwa nyuma, anaendelea. Akigusa mfupa wa kukalia, au nyuma ya goti, au akisema ganzi inashuka mguuni, tunarudi nyuma, tunaongeza blanketi, tunakunja magoti zaidi. Mikono yake bado iko kwenye muundi. Pumzi inatoka ndefu, na mabega yamelegea.