Galileo hakuvumbua darubini

Wengi tumekariri tangu shuleni kwamba Galileo ndiye aliyevumbua darubini. Siyo. Oktoba 1608 Hans Lipperhey, fundi miwani wa Middelburg, Uholanzi, aliomba hataza, yaani haki rasmi ya mvumbuzi, ya chombo hicho. Akanyimwa, maana wengine nao walishajua kukitengeneza. Galileo alipata habari mwaka 1609, akajisugulia lenzi mwenyewe hadi akapata darubini ya kukuza takriban mara 20.

Sifa yake iko kwingine, na kwangu ni kubwa zaidi. Januari 7, 1610 aliona vinyota vitatu kando ya sayari ya Mshtarii (Jupita), viwili mashariki, kimoja magharibi. Kesho yake vyote vilikuwa magharibi! Tarehe 13 akaona cha nne. Kumbe ilikuwa miezi, ikiizunguka sayari ile, si Dunia.