Kuponi za Dukani Marekani: Anzia kwenye Sabuni, Si kwenye Chakula

Kazi yangu ni kuzishauri familia kuhusu matumizi ya nyumbani, na nyingi ya familia ninazokaa nazo mezani ni za wasemaji wa Kiswahili waliofika hapa Marekani kutoka Kongo na Burundi, baadhi yao baada ya miaka mingi katika kambi za Tanzania na Kenya. Swali ninaloulizwa mara nyingi ni iwapo kuponi, yaani vipande vya kumpunguzia mnunuzi bei ya bidhaa fulani, zinazokuja na gazeti la Jumapili, au zinazoonekana katika programu ya simu ya duka, ni fedha za kweli au ni mtego. Ni fedha za kweli, ila kwa nyumba zinazopika kama tunavyopika sisi, fedha hizo hazipo mahali ambapo watu wengi huanza kuzitafuta.

Kwanza tuelewe ni nani anayelipa. Kuponi nyingi hutolewa na mtengenezaji wa bidhaa, si duka. Ukimpa keshia kuponi ya dola moja, duka huipeleka kudai dola hiyo kwa mtengenezaji, na kwa desturi hulipwa pia senti 8 kwa usumbufu wa kuishughulikia. Nalisema hili kwa sababu nimewaona akina mama wakikunja kuponi na kuzirudisha mkobani wanapoona foleni imekuwa ndefu nyuma yao, kana kwamba wanaomba msaada. Hakuna msaada hapo, kwa kuwa duka halipotezi chochote na mteja anatumia haki aliyopewa na kiwanda.

Lakini kiwanda nacho kina lengo lake. Katika miaka ya mwisho ya 1880, Coca-Cola ilianza kugawa tiketi za kunywa glasi moja bure, ili watu waonje kinywaji kigeni kisha warudi kukinunua kwa fedha zao, na tangu wakati huo lengo halijabadilika sana. Kwa hiyo kuponi za chakula huelekea zaidi kwenye vyakula vya viwandani vyenye chapa, yaani nafaka za asubuhi za maboksi, vitafunwa, vinywaji vitamu na michuzi ya chupa, ilhali ni nadra kuona kuponi ya maharage makavu, unga wa mahindi, mchele wa mfuko mkubwa au mboga za majani. Niliwahi kuonyeshwa kabati lililojaa chupa za mchuzi wa saladi, kila moja ikiwa imenunuliwa kwa nusu bei, katika nyumba ambayo hakuna aliyekula saladi. Mama yule alikuwa mwangalifu sana, na hesabu zake za punguzo zilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni kujiuliza kama angeinunua bidhaa ile bila kuponi.

Sasa tazameni upande wa pili. Familia nyingi ninazozihudumia hupata msaada wa chakula wa serikali uitwao SNAP, na kadi yake hulipia chakula tu, wala hailipii sabuni ya kufulia, nepi, dawa ya meno, karatasi za chooni wala taulo za kike. Vitu hivi hununuliwa kwa fedha taslimu, ambazo ndizo chache zaidi nyumbani, na ni vitu hivihivi ambavyo watengenezaji hushindana kuvitolea kuponi kubwa. Kwa sababu hiyo huwaambia wanafunzi wangu waanzie kwenye sabuni. Anayetaka kutumia kuponi kwa chakula anaweza vilevile, kwani mwenye kadi ya SNAP hapaswi kunyimwa kuponi ambayo duka humpokelea mteja mwingine.

Hata kwenye sabuni, hesabu ifanywe kwa aunsi, kipimo cha ujazo kinachoandikwa kwenye chupa hapa Marekani, si kwa chupa. Chukulia chupa ya aunsi 25 inauzwa dola 4 na ya aunsi 50 inauzwa dola 7: bila kuponi, aunsi moja ni senti 16 kwa chupa ndogo na senti 14 kwa kubwa. Ukiwa na kuponi ya dola 1, zote mbili hufika senti 12. Ukiwa na kuponi ya dola 2, ndogo hushuka hadi senti 8 na kubwa huishia senti 10. Kumbe mazoea yetu ya kuamini kwamba chupa kubwa ndiyo nafuu hugeuka mara kuponi inapoingia. Kisha linganisha na sabuni yenye chapa ya duka lenyewe: ikiwa aunsi 50 zake ni dola 5, yaani senti 10 kwa aunsi, kuponi ya dola 1 haijaishinda, na ni afadhali kuitunza kuponi hiyo hadi wiki ambayo bei ya sabuni yake imeshushwa, mradi tarehe ya mwisho ya kuponi haijapita.

Maandishi madogo nayo yasomwe kwa utulivu nyumbani. Kuponi inayosema moja kwa kila bidhaa hukuruhusu kutumia kuponi tatu kwa bidhaa tatu, lakini inayosema moja kwa kila malipo hutumika mara moja tu, hata kikapu kikijaa. Maduka mengi huruhusu kuunganisha kuponi ya mtengenezaji na ya duka kwa bidhaa ileile, jambo ambalo huongeza akiba sana. Uliza dawati la huduma kwa wateja kabla ya kuanza kununua, maana kila kampuni ina utaratibu wake.

Jambo moja nalisisitiza bila kulegeza: msitoe nakala za kuponi kwa mashine, wala msinunue zile zinazouzwa katika makundi ya simu. Mwaka 2021 mahakama ya shirikisho huko Virginia ilimhukumu mwanamke kifungo cha miaka 12 kwa kutengeneza kuponi bandia zilizosababisha hasara ya zaidi ya dola milioni 31. Kwa mtu ambaye karatasi zake za uhamiaji bado zinashughulikiwa, kesi ya udanganyifu, hata iwe ndogo kiasi gani, inaweza kumgharimu zaidi ya faini.