Mpishi, Tanuri na Korija ya Mvinje

Tanuri la makaa likianza kushika moto hutoa moshi mweupe mzito. Ule ni mvuke wa maji yaliyomo ndani ya gogo. Siku zikipita, moshi hugeuka buluu na kuwa mwepesi kama wa sigara, na hapo mchomaji hujua mti umeshakuwa makaa, aanze kuziba matundu kwa udongo kabla moto haujala kila kitu.

Haya nilifunzwa na kijana mmoja wa Jilore mwaka 2008, ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Mimi nilikwenda kuhesabu visiki. Yeye alikuwa amechutama kando ya tanuri na ndoo ya udongo wa maji, akiziba nyufa kwa kiganja. Tulipozoeana aliniambia, "Mzee, mimi si mchoma makaa. Mimi ni mpishi. Hoteli ikifunguliwa leo, tanuri hili nawaachia mchwa."

Alikuwa amepika miaka sita katika hoteli moja ya Malindi. Baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007 watalii walitoweka, vitanda vikabaki vitupu, na wafanyakazi wakarudishwa makwao. Kwao ni Jilore, na Jilore kilichokuwepo ni msitu.

Kazi yangu ni uchumi wa ardhi na misitu, na tangu siku ile nimechoka na maelezo yanayosema mwanakijiji anakata miti kwa sababu ni maskini au hajaelimishwa. Yule kijana alijua majina ya miti kuliko mimi. Swali ninaloanza nalo sasa kila ninapokwenda ni hili: leo hii, mtu huyu angefanya kazi gani nyingine, na jioni angerudi na shilingi ngapi? Gharama kubwa ya kufyeka msitu ni nguvu za mtu kwa siku. Panga ni bei ndogo, kiberiti ni bei ndogo zaidi. Kibarua kikilipa vizuri mjini, siku moja ya kukata miti inakuwa ghali, kwa sababu anayekwenda msituni anaacha malipo hayo. Kibarua kikifa, siku ile ile haina thamani nyingine, na msitu unakuwa rahisi.

Ndiyo maana mdororo wa uchumi haupumzishi misitu kama wengi wanavyodhani. Tazama Kameruni. Bei za kakao na kahawa zilipoporomoka mwishoni mwa miaka ya 1980, ungetarajia wakulima wapunguze kufyeka. Lakini mijini nako ajira ziliisha, watu wakarudi vijijini, na waliorudi walihitaji kula: wakafungua mashamba mapya ya ndizi na mihogo ndani ya msitu. Kisha Januari 1994 faranga ya CFA, sarafu ya Kameruni na majirani zake, ikashushwa thamani kwa nusu dhidi ya faranga ya Ufaransa, na magogo ya kuuza nje yakaanza kulipa kuliko zamani. Jirani yao Gaboni, pesa za mafuta ziliwavuta watu Libreville, chakula kikanunuliwa kutoka nje, na mpaka leo msitu umefunika zaidi ya asilimia 80 ya nchi. Watu wake ni wachache, ni kweli, na hilo limesaidia. Lakini wachache hao nao walikuwa na kazi ya kufanya mbali na msitu.

Turudi nyumbani. Ukitoka Malindi kuelekea Gede, angalia mashamba ya mchanga upande wa Msabaha. Utaona miti ya mvinje, mistari kwa mistari, imesimama wima kama mishumaa. Miaka iliyopita wajenzi walitegemea zaidi boriti za mikoko na miti ya msituni. Boriti zilipoadimika na ujenzi ukaongezeka, wakulima waliona nafasi. Mvinje unavumilia mchanga na upepo wa chumvi, na kwa miaka minne mitano una unene wa kuuzika. Sitaupamba: chini yake ni sindano kavu tupu, na bundi wa Sokoke, yule bundi mdogo adimu wa Arabuko-Sokoke, hana haja nao. Hata hivyo nauheshimu, maana kila nguzo ya mvinje iliyoezekewa makuti ni nguzo ambayo haikutoka kwenye mikoko ya Mida wala Arabuko-Sokoke. Wachonga vinyago wa Malindi nao walipita njia hiyo hiyo: muhugu, mti mgumu wa msituni, ulipoadimika, wengi wakahamia mwarobaini, mti ambao umejaa nyuma ya nyumba zetu.

Kwa bei, basi, tumekata, na kwa bei tumepanda. Tofauti mara nyingi iko kwenye swali moja: ardhi ni ya nani? Mtu hapandi mti wa kuvunwa baada ya miaka mitano kwenye shamba ambalo mwakani anaweza kufukuzwa.

Hapo ndipo Lamu inaponisumbua kuliko Malindi.

Ukiingia nyumba kongwe ya Mji wa Lamu utaona vyumba ni virefu na vyembamba. Upana wake umefuata urefu wa boriti ya mkoko iliyobeba dari. Boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini kwa korija, yaani ishirini ishirini, na kusubiri pepo za kusi zizipeleke Arabuni. Pesa za mafuta zilipoingia nchi za Ghuba miaka ya 1970, huko wakaanza kujenga kwa saruji na chuma, na biashara ikapungua. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti nje. Nawakumbusha wanafunzi wangu kila mara: kabla ya marufuku, bei ya mafuta ya watu wengine ilikuwa imeshaanza kupunguza shoka kwenye mikoko yetu.

Shoka la sasa Lamu halitafuti boriti. Bandari na njia ya LAPSSET, mradi wa kuunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, vilizinduliwa Machi 2012, na ardhi ya vijiji vya Hindi na Mokowe na bara yote ya Lamu ikapanda thamani kabla hata meli moja haijafika. Ardhi ikipanda hivyo, kichaka kilichosimama husomwa kama mahali pasipo na mwenyewe. Mtu hufyeka, huchoma, huzungushia uzio, hupanda mahindi mistari kumi, kisha humwonyesha anayekuja kupima: hapa pamelimwa. Mahindi yale hayakukusudiwa kuvunwa. Nimesimama kwenye shamba la namna hiyo nje ya Hindi, mabua yamekauka yakiwa magotini, visiki bado vyeusi kwa moto. Wakubwa nao hawakuwa nyuma. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufutwa kwa hati za takriban ekari 500,000 zilizokuwa zimegawiwa kampuni 22, huku Waboni, jamii ya wawindaji na warina asali walioishi katika msitu wao vizazi na vizazi, wakiwa hawana karatasi hata moja. Sheria ya Ardhi ya Jamii, inayoruhusu jamii kumiliki ardhi kwa pamoja, ilipitishwa 2016. Kwangu mimi, kuwaandikisha Waboni chini ya sheria hiyo ni uhifadhi wa msitu kuliko kuongeza askari.

Kuna na mambo ya mbali ambayo hatuyahesabu kama misitu. Julai 2021 gesi ya kupikia ilianza kutozwa tena kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Ikapunguzwa hadi 8 mwaka uliofuata, na 2023 ikaondolewa. Mama lishe wa sokoni Malindi hasomi bajeti, anasoma bei ya kujaza mtungi. Mtungi ukipanda, jiko la makaa linatolewa tena uvunguni, na kule Langobaya kuna mti unaoanguka. Kila Juni, Wizara ya Fedha inaamua jambo la msitu.

Yule mpishi alirudi jikoni watalii walipoanza kurejea. Tanuri liliporomoka, nyasi zikaota juu yake. Babake alikuwa na shamba lenye hati, na kila mwisho wa mwezi kijana alikuwa akinunua miche ya mvinje kwa sehemu ya mshahara, akaipanda upande ule mchanga ulipokuwa umeshinda mahindi.

Machi 2020 hoteli zikafungwa tena, safari hii kwa korona. Hata wafugaji wa vipepeo wa Mradi wa Kipepeo wa Gede, ulioanza 1993, walikwama, maana pupa, yaani kipepeo akiwa bado ndani ya ganda, ndiyo wanayouza nje, na haisubiri ndege: siku zake zikitimia inapasuka. Nilimpigia simu yule mpishi nikiwa na wasiwasi nitaambiwa yuko msituni.

"Niko shambani, mzee," akasema. Nyuma yake nilisikia msumeno na mtu akihesabu kwa sauti. Mnunuzi alikuwa amekuja na lori, na mvinje ulikuwa ukipangwa chini kwa korija, ishirini ishirini.