Ganzi ya Vidole kwa Wapiga Gitaa: Maswali Tunayoulizwa Kabla ya Onyesho

Nafanya kazi ya fiziotherapia jijini Dar es Salaam, na miongoni mwa wagonjwa wangu wamo wapiga gitaa wa bendi za dansi, wa kwaya na wa hotelini. Wengi wao hufika wakiwa wamechelewa. Maswali yafuatayo ndiyo wanayoniuliza mara nyingi zaidi.

Kupasha misuli joto ni nini, na kuna haja gani ilhali gitaa si kazi ya nguvu?

Ni kuiandaa misuli na viungo polepole kabla ya kuvipa kazi nzito, ili damu iongezeke na mwendo uwe mwepesi. Misuli mikubwa inayokunja vidole haimo vidoleni. Imo katika kigasha, yaani kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, nayo huvivuta vidole kwa kano ndefu. Inapofika ile sehemu ambayo wanamuziki wetu wa dansi huiita chemko, na wenzetu wa Kongo huiita sebene, mpiga gitaa la solo hurudia mwendo uleule kwa kasi kubwa, dakika baada ya dakika, bila kupumzisha kidole hata kimoja. Mtu anayeshuka kwenye bodaboda, akachomeka waya na kuingia katika kazi hiyo papo hapo, anaidai misuli iliyolala.

Nifanye nini hasa?

Tenga dakika 10 hadi 15. Anza bila gitaa: tembea, zungusha mabega, fungua na kufumba viganja, na kama mikono ni ya baridi, iloweke katika maji ya uvuguvugu kisha uikaushe vizuri. Usivute vidole kwa nguvu hadi viume, kwa sababu misuli ya baridi haipashwi kwa kunyongwa. Baada ya hapo shika gitaa, upige taratibu na kwa sauti ya chini, ukiongeza kasi kidogo kidogo. Kuna jaribio ninalowafundisha wote: weka kidole juu ya waya bila kuukandamiza, piga, kisha ongeza mkandamizo kidogo kidogo mpaka sauti itoke safi. Nguvu hiyo inatosha. Wengi hushangaa kugundua kwamba kwa miaka yote wamekuwa wakitumia nguvu kupita kiasi, na zaidi wanapokuwa mbele ya watu. Urekebishe pia mkanda, kwa kuwa gitaa linaloning'inia karibu na magoti hulazimisha kifundo cha mkono kukunjika usiku kucha.

Woga hunikaza mikono. Je, pombe kidogo haisaidii?

Haisaidii. Pombe hupunguza uangalifu wa vidole na hukuzuia kuhisi kwamba unaukaza mkono. Vidonge vya kutuliza mapigo ya moyo, ambavyo baadhi ya wanamuziki hugawiana nyuma ya jukwaa, ni hatari kwa mwenye pumu, na havipaswi kutumiwa na mtu yeyote bila kupimwa na daktari. Woga wa kawaida hutulizwa kwa kupumua: vuta hewa kwa hesabu ya 4, itoe polepole kwa hesabu ya 6, ukiyaacha mabega yashuke na meno yaachane. Rudia kwa dakika chache kabla ya kupanda.

Vidole hufa ganzi nikipiga, lakini nikiukung'uta mkono ganzi huisha. Si uchovu tu?

Si uchovu. Naomba nirudie: ganzi si uchovu. Misuli iliyochoka huuma au huwa mizito. Ganzi na michomo kama ya sindano mara nyingi ni dalili ya mshipa wa fahamu uliobanwa. Mmoja wa mishipa hiyo hupita kwenye njia nyembamba ya kifundo cha mkono pamoja na kano 9, na ukibanwa, ganzi huonekana kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, na mara nyingi humwamsha mtu usiku.

Mpiga solo mmoja alikuja baada ya kuvumilia hali hiyo kwa takriban miaka miwili. Nilimwomba aweke mikono mezani, viganja vikitazama juu. Mkono wa kulia ulikuwa na kile kilima cha nyama chini ya kidole gumba. Wa kushoto ulikuwa umebonyea, ngozi ikilalia mfupa, na hakuweza kufunga vifungo vya shati lake. Misuli iliyosinyaa kiasi hicho huenda isirudi, hata mgonjwa akifanyiwa upasuaji. Angekuja katika miezi ya mwanzo, pengine kifaa cha kuunyoosha mkono usiku na marekebisho ya namna ya kushika gitaa vingetosha.

Wenzangu humeza diklofenaki, ile dawa ya kutuliza maumivu, kabla ya onyesho, wengine hufunga bandeji ya kubana. Je, wanakosea?

Wanakosea sana. Dawa hiyo huficha onyo huku mkono ukiendelea kuumia, na ikimezwa kila wikiendi bila ushauri inaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Bandeji ya kubana huongeza mbano pale palipokwisha kubanwa. Kuchua kwa dawa kali mpaka ngozi iwake hakuufungui mshipa wa fahamu.

Nikipumzika wiki moja ganzi ikaisha, bado nije?

Ndiyo, uje. Ikirudi ukishika gitaa tena, maana yake chanzo kipo palepale. Ganzi si uchovu, na haingoji msimu wa maonyesho uishe. Ikitokea ghafla upande mmoja wa mwili, uso ukapinda au maneno yakakwama, hiyo inaweza kuwa kiharusi: nenda hospitali saa hiyohiyo.

Nikija, nieleze nini?

Eleza ni vidole gani, huanza baada ya muda gani, unapiga saa ngapi kwa wiki, na kama una kisukari. Njoo na gitaa lako na mkanda wake, kwani tutataka kukuona umesimama ukipiga.