Je, wajua kwa nini msimulizi wa "mimi" hawezi kueleza mawazo ya mwenzake?

Chukua tukio dogo. Ni mwezi wa tatu, msimu wa zabibu, kwenye meza ya muuzaji kando ya barabara ya Hombolo, Dodoma. Neema anapima kilo moja, na kidole chake kinakandamiza sahani ya mizani. Mzee anayenunua amekiona kidole hicho. Hasemi kitu.

Neema akisimulia mwenyewe, hiyo ni nafsi ya kwanza: "Nilikandamiza sahani, nikaomba asitazame chini." Hofu yake anaijua hadi ndani. Mawazo ya mzee anayapata kwa macho na masikio tu: alikohoa, alichelewa kutoa noti. Akisema "mzee aliwaza kwamba binti huyu ana njaa", msomaji atauliza: umejuaje? Hapo ndipo wanaoanza kuandika huteleza zaidi. Mpe Neema njia ya kujua: mzee atamke, au Neema akisie waziwazi, au aje kuambiwa baadaye.

Nafsi ya tatu ina sura mbili kuu. Msimulizi maizi anajua yote, kidole na ukimya pia. Huyu tumemzoea tangu utotoni. Mtambaji wa ngano husema alichowaza sungura na alichowaza fisi, wala hadhira haimhoji. Sura ya pili humwita Neema "a-" lakini haitoki kichwani mwake. Ili kujua kama umelinda mpaka huo, geuza "a-" ya Neema iwe "ni-" katika aya nzima, kisha isome kwa sauti. "Alikandamiza sahani" itageuka bila shida. Ukifika "mzee alihesabu moyoni hasara yake", utakwama, maana Neema hakuwa humo moyoni.

Nafsi ya pili, "unakandamiza sahani", huchosha upesi. Iweke kwenye hadithi fupi.

Kiswahili kina mtego wake hapa, na unastahili uangalifu kuliko majina yote ya wasimulizi. "A-" haitofautishi mwanamke na mwanamume. "Alimtazama, akampa chenji, akaondoka." Nani kaondoka? Mnyororo wa "-ka-" humfanya msomaji aamini mtendaji ni yuleyule, kwa hiyo ukibadilisha mtendaji katikati, mtaje: "Neema akampa chenji. Mzee akaondoka."

Kuchagua msimulizi, tazama siri iko kwa nani. Ukitaka msomaji ashtuke mwishoni kwamba mzee alijua, mwachie Neema asimulie. Mzee akisimulia yeye, kidole kinaonekana tangu sentensi ya kwanza, na linalobaki kumsumbua msomaji ni kwa nini alilipa bila kusema neno.