Pedi za kufua: chagua kwa kiasi cha damu yako, na kwa maji na kamba uliyonayo

Siku hizi pedi za kitambaa zinapatikana Dodoma kwenye maduka ya dawa, sokoni, na kwa mafundi cherehani wanaozishona wenyewe. Malalamiko ya wanaozitumia ni mawili: inavuja, au haikauki. Mara nyingi chanzo ni kimoja. Mtu amenunua pedi nene kuliko zote dukani akidhani unene ndio usalama, kisha akaivaa kwa damu isiyoihitaji, au akaifua kwa maji ya chumvi na kuianika nyuma ya mlango.

Nitajuaje damu yangu ni kidogo, ya wastani au nyingi?

Hesabu saa. Usipime kwa rangi ya maji ya kufulia, maana kijiko kimoja tu cha damu hugeuza beseni zima jekundu. Hedhi nzima, tangu siku ya kwanza hadi inapokata, kwa kawaida hutoa damu mililita 30 hadi 40, sawa na vijiko viwili hadi vitatu vya chakula. Huonekana nyingi zaidi kwa sababu imechanganyika na ute na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi.

Chukua daftari. Kwa hedhi moja, andika kila unapobadilisha: saa ngapi, na pedi imelowa kiasi gani. Ukikaa nayo saa 6 na doa halijajaza sehemu ya katikati, damu ni kidogo. Ikilowa ndani ya saa 3 hadi 6, ni ya wastani. Ikilowa kabla ya saa 3 kupita, ni nyingi. Utagundua kwamba wewe huyohuyo unapita ngazi zaidi ya moja ndani ya wiki: siku mbili za mwanzo nzito, kisha inapungua, mwisho ni matone. Ndiyo maana seti ya pedi za aina moja haimfai karibu mtu yeyote.

Kila ngazi inahitaji pedi ya namna gani?

Pedi ina sehemu tatu. Juu, panapogusa ngozi, ni pamba laini. Katikati ni tabaka za kunyonya, za flaneli (kitambaa laini cha pamba chenye vinyweleo) au kitambaa cha taulo. Chini ni kitambaa kisichopitisha maji. Damu kidogo inatosheka na pedi ya sentimita 20 yenye tabaka mbili za flaneli, na hapo hata kitambaa cha kuzuia maji si lazima. Ya wastani inataka sentimita 25 hivi na tabaka tatu au nne za flaneli, au mbili za taulo. Damu nyingi, na pedi ya usiku, zinataka sentimita 30 hadi 35, tabaka tano au sita za flaneli au tatu za taulo. Ya usiku iwe pana nyuma, kwa sababu ukilala chali damu hufuata mgongo.

Kwa mwenye damu nyingi, sisi tunapendelea pedi ya vipande viwili: ganda la nje lenye kitambaa cha kuzuia maji, na vinyonyaji vya kuchomoa. Tabaka sita zikishonwa pamoja hukauka polepole sana. Zikitenganishwa, kila kimoja hukauka kama leso.

Jihadhari na kanga na vitenge vya polista. Vinang'aa vizuri lakini havinyonyi. Dondosha tone la maji juu ya kitambaa: likikaa juu kama umande, kiache. Ila flaneli mpya nayo inaweza kukataa maji kwa sababu ya dawa za kiwandani, na hiyo huisha ikifuliwa mara tatu au nne. Kwa hiyo pedi mpya ifue kwanza kabla ya kuivaa hata mara moja.

Naweza kuijaribu kabla ya siku zangu?

Ndiyo. Ikiwa imeshafuliwa na kukauka, ilaze mezani, mimina katikati kijiko kimoja cha chakula cha maji polepole, subiri dakika moja. Bonyeza juu kwa karatasi ya chooni, kisha geuza utazame chini. Pedi ya wastani ipokee kijiko hicho bila kuvuja chini wala pembeni. Ya usiku ipokee viwili. Maji ni mepesi kuliko damu, kwa hiyo pedi inayoshindwa na maji yanayoelea juu yake itashindwa zaidi na damu.

Mbona yangu inavuja ilhali haijalowa yote?

Tazama doa lilipo. Likiwa pembeni, pedi inahama: mabawa (vipande vya pembeni vinavyofungwa chini ya chupi) yamelegea au chupi ni kubwa. Sogeza kifungo, au vaa chupi inayobana kiasi. Likiwa nyuma, pedi ni fupi kwako au umeivaa mbele mno. Likiwa katikati kabisa, chini, tazama mshono. Mafundi wengi hupitisha mshono wa urembo katikati ya pedi hadi kwenye kitambaa cha kuzuia maji, na kila tundu la sindano huwa njia ya damu. Mwambie fundi ashone vinyonyaji kwenye kitambaa cha juu tu, kitambaa cha chini aje akishike kwenye kingo peke yake.

Na kama damu inateleza juu bila kuzama, pedi imeziba kwa sabuni. Hapa Dodoma hilo ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani.

Sabuni inaizibaje?

Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi na madini mengi. Sabuni ya mche ikikutana nayo haitoi povu vizuri, hutengeneza utando mweupe unaoganda kwenye nyuzi. Mtu akiona povu halipo anaongeza sabuni, na utando unaongezeka. Tumia sabuni kidogo, sugua zaidi. Kama una maji ya mvua uliyokinga, yaweke kwa ajili ya suuza ya mwisho. Pedi ikishaziba, iloweke nusu saa katika lita 5 za maji zenye nusu kikombe cha siki nyeupe, kisha isuuze vizuri. Usichanganye kamwe siki na dawa ya kung'arisha nguo: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Dawa za kulainisha nguo ziache pia, zinapaka nyuzi mafuta.

Hatua za kufua zikoje maji yakiwa ya ndoo?

Anza na maji ya baridi. Ya moto hugandisha damu kwenye kitambaa na doa halitoki tena. Loweka dakika 20 hadi 30 kwenye chombo chenye kifuniko, ambacho hakitumiki kwa vyombo wala chakula. Maji hayo yamwage chooni. Kisha sugua kwa sabuni, kamua, suuza mara mbili au tatu hadi maji yawe meupe bila utelezi. Pedi tatu zinahitaji kama lita 6 kwa jumla ukifua kwa utaratibu. Usiache pedi ikilowa siku nzima, itaanza kunuka.

Pasi na maji ya moto ni kwa vinyonyaji vya pamba tu. Kitambaa cha kuzuia maji hupasuka kikipata joto kali.

Nianike wapi?

Juani, kwenye kamba, kwa vibanio. Si juu ya miiba wala majani, na kwa upepo wa Dodoma kung'uta vumbi kabla ya kukunja. Anayeona haya atandaze juu yake kanga moja nyepesi. Hewa inapita na joto linafika. Chini ya godoro, ndani ya begi na nyuma ya kabati ndipo ukungu unapozaliwa, na pedi yenye unyevu huleta harara, muwasho na fangasi. Kupima kama imekauka, weka sehemu nene shavuni. Ukisikia ubaridi, bado.

Basi ninunue ngapi?

Siku nzito hutumia kama tano: nne mchana, moja usiku, maana hata isipolowa ibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 6. Miezi ya kiangazi, Mei hadi Novemba, iliyofuliwa asubuhi kwa kawaida hukauka siku hiyohiyo, kwa hiyo nane zinatosha wengi. Kuanzia Desemba hadi Aprili, mvua zikishika, inaweza kuchukua siku mbili. Hapo mwenye damu nyingi ahesabu kumi na mbili. Mwenye damu kidogo anaweza kuanza na sita. Pedi ni ya mtu mmoja, hata dada wa tumbo moja wasiazimane.

Uzazi wa mpango unabadilisha hesabu hii?

Unabadilisha. Kitanzi cha shaba mara nyingi huongeza damu, hasa miezi ya mwanzo, kwa hiyo ongeza za usiku. Kijiti na sindano huleta matone yasiyo na ratiba; hapo zinafaa nyembamba za sentimita 20, za kuvaa kila siku. Baada ya kujifungua, tumia ndefu kabisa na ubadilishe kila saa 3 au 4.

Lini tatizo si pedi?

Ukilowesha pedi kubwa kila saa kwa saa mbili au zaidi, hasa ukiwa na kizunguzungu au umejifungua karibuni, nenda kituo cha afya leo hii. Mabonge ya damu makubwa kuliko sentimita 2.5, hedhi inayozidi siku 7, kuchoka na kuhema kwa kazi ndogo: panga kwenda upimwe wingi wa damu. Binti ambaye hedhi yake imekuwa nzito tangu ile ya kwanza kabisa apimwe pia kama damu yake inaganda vizuri. Wengi huambiwa ni hali ya ukoo wao, mama na bibi walikuwa hivyo. Matatizo mengi ya kuganda kwa damu hurithiwa, kwa hiyo maneno hayo hayo ni sababu ya kupimwa.

Mwanafunzi atabeba nini shuleni?

Pedi mbili safi, chupi moja, na mifuko miwili ya kitambaa kisichopitisha maji, mmoja wa safi na mmoja wa zilizotumika. Akibadilisha, akunje pedi kwa ndani na kufunga kifungo, isigusane na madaftari. Kama shule haina maji chooni, hana haja ya kufua pale. Akifika nyumbani ailoweke mara moja kwenye maji ya baridi.